Kabla ya Kuhojiwa, Nenda Ukasubiri Chakula

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Roysambu, Nairobi, ambaye ameitwa kwenye mahojiano ya kazi ya meneja wa bidhaa katika kampuni inayowapelekea watu chakula majumbani. Aliniuliza mambo mawili: asome kitabu gani, na aombe mshahara gani. La mshahara nitalifikia. La kitabu limenirudisha mahali nisipopenda kurudi, kwa sababu nilipohojiwa mara ya kwanza na kampuni ya aina hiyo nilikuwa nimesoma vitabu vinne, nimevipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na bado nilianguka vibaya.

Wakati huo nilikuwa mchambuzi wa data katika kampuni ya bima, Upper Hill. Kazi ya meneja wa bidhaa niliitamani kama mnavyoitamani ninyi: kuamua ni kipi kitengenezwe katika programu ya simu, kwa sababu gani, na kipi kitangulie kipi, huku wahandisi na wabunifu wakikusikiliza ingawa hakuna hata mmoja wao aliye chini yako. Awamu tatu za kwanza nilizipita bila taabu. Katika awamu ya nne aliingia mkuu wa shughuli za kila siku, mama mmoja mpole, akaniambia kwamba maagizo ya mtaa wa Kilimani huchelewa kila Ijumaa jioni, akataka kujua ningefanya nini.

Nilisimama ubaoni nikiwa na furaha, maana swali lilifanana na lile la sura ya tano ya kimojawapo cha vitabu vyangu. Nikawagawa wateja katika makundi matatu, nikapendekeza programu itumie akili bandia kutabiri foleni ya Ngong Road, kisha nikayapa mapendekezo yangu alama za faida na gharama. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Kwani pikipiki hukaa kwenye foleni?"

Sikuwa na jibu. Mtu yeyote aliyewahi kukwama ndani ya matatu karibu na Adams Arcade, kwenye barabara hiyohiyo, ameziona pikipiki zikipenya kati ya magari kama maji. Nami nilikuwa nimeziona kila siku ya kazi, lakini siku ile nilikuwa nimeiacha Nairobi yangu nje ya chumba na kuingia na mji wa vitabuni.

Barua pepe ya kunikataa ilikuwa na mistari mitatu. Nisingeihesabu kama wasingekuwa wamenipa kazi ya nyumbani kabla ya hapo, nami nikaandika kurasa 22 kuhusu namna ya kumrejeshea pesa mteja aliyeletewa chakula pungufu. Miezi kadhaa baadaye niliona katika programu yao mpangilio unaofanana mno na wangu. Sina ushahidi, na huenda walikuwa nao tayari. Hata hivyo sijasahau. Ukipewa kazi kama hiyo, uliza inatarajiwa ichukue saa ngapi, na ukishazitimiza uweke kalamu chini.

Kilichonifunza kazi kilianza Jumamosi moja nilipojaribu kuagiza pilau nikiwa nyumbani Umoja, na programu ikaniambia kwamba hawafiki kwetu. Nilipanda matatu hadi Kilimani, nikakaa nje ya mkahawa mmoja pamoja na vijana wa pikipiki waliokuwa wakisubiri, nikawanunulia chai, nikaanza kuandika saa. Nilirudi hapo jioni nyingi. Ninakumbuka agizo moja la pilau hasa: kijana alifika mkahawani saa moja na dakika kumi usiku, akapewa chakula baada ya dakika 22, akaniruhusu nikae nyuma yake, na safari yenyewe ikachukua dakika 9. Tulipofika langoni, askari alitaka kitambulisho, akatafuta kalamu, akatafuta daftari, akapiga simu ambayo mteja hakuishika; kisha kijana akapanda ngazi hadi orofa ya sita. Hizo zilikuwa dakika nyingine 11. Kati ya dakika 42, barabara ilikula 9 tu, nami nilikuwa nimeitolea barabara mhadhara mzima. "Mkubwa," kijana aliniambia tukirudi, "ramani yao haina jikoni wala haina askari."

Nilipopata nafasi ya kuchungulia jikoni nikaelewa zaidi. Mpishi alikuwa na tableti mbili za kampuni mbili tofauti, pamoja na wateja walioketi mezani ambao hawajulikani na tableti yoyote. Kitufe cha kusema chakula kiko tayari alikibonyeza alipokumbuka. Kampuni nayo ilimwita mwendeshaji wa pikipiki mara tu mkahawa ulipokubali agizo, liwe la chipsi au la nyama choma, kwa hiyo vijana walijaa mlangoni wakisubiri nyama huku maagizo yaliyokwisha kufungwa jirani yakikosa wa kuyabeba. Suluhisho lake halihitaji maajabu: mwendeshaji aitwe kulingana na muda ambao chakula kile, katika jiko lile, saa ile, kwa kawaida huchukua. Maelezo ya lango la jengo yaandikwe na mteja mara moja, yahifadhiwe, na yamfikie mwendeshaji kabla hajafika.

Basi kampuni nyingine iliponiita, niliingia na daftari langu la saa. Waliniuliza kuhusu ofa ya punguzo la kuwavutia wateja wapya, nami badala ya kuisifu nilichora hesabu ya agizo moja kwa tarakimu nilizozibuni palepale, nikiwaeleza kwamba ni za mfano. Chakula ni cha shilingi 1,000; kamisheni ya asilimia 25 kutoka kwa mkahawa inaleta 250, na ada ya kupeleka inaleta 100, jumla 350. Mwendeshaji analipwa 180, gharama za kupokea malipo na kuhudumia wateja ni 40, punguzo ni 100. Zinabaki shilingi 30. Lakini agizo moja katika kila 20 likiharibika na mteja akarudishiwa pesa zake zote za chakula, kila agizo linabeba mzigo wa shilingi 50, na ile faida ya 30 inageuka hasara ya 20. Chumba kilinyamaza. Ninakiri kwamba ule ukimya bado ninaufurahia.

Hesabu hiyo ndiyo mzizi wa biashara hii, na historia yake hapa Nairobi inaonyesha ilivyo ngumu. Uber Eats iliingia mwaka 2018, Glovo ikafuata mwaka 2019, na Desemba 2023 Jumia ikatangaza kwamba inaifunga Jumia Food katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Nimewaona vijana wakienda kuhojiwa bila kujua hata hilo, wakitaka kuzungumzia rangi ya kitufe. Tafadhali, msifanye hivyo. Kitufe hakitamwokoa anayepoteza pesa katika kila sahani, na anayewahoji anajua, maana hesabu hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi.

Kuna pia swali la makisio, kwa mfano Nairobi huagiza milo mingapi kwa siku. Hawatafuti jibu sahihi, wanatafuta mahali unapoanzia. Anza na kitu kinachojulikana: sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 mjini, katika kaya takriban milioni 1.5, kisha ipunguze idadi hiyo hatua kwa hatua, ukifikiri kwa sauti, ukieleza kwa nini nyumba ya Umoja huiweki kapu moja na ya Lavington, mtaa wa wenye nazo. Maswali ya "tueleze siku ulipogombana na mwenzako" jiandaeni nayo jioni moja, yanatosha. Na msiwasahau waendeshaji. Tunawataja mwisho, kama vile chakula hutembea chenyewe. Bei mpya za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, na meneja wa bidhaa asiyejua tarehe hiyo hajawahi kuzungumza na mtu wa pikipiki. Anapanga maisha ya watu ambao hajawahi kuwasalimia, na hilo linaniudhi zaidi ya ule ujinga wangu wa ubaoni.

Mwisho wa mahojiano waliniuliza kama nina swali. Nikawauliza kuhusu mvua ya masika, wakati maagizo yanapoongezeka na waendeshaji wakapungua: nani hulipia tofauti, mteja, mkahawa au kampuni? Tulipitisha muda tuliopangiwa tukibishana, na Jumanne iliyofuata wakanipigia simu.

Sasa la mshahara, dada. Msichana wa rasilimali watu aliponiuliza ninataka kiasi gani, niliropoka tarakimu palepale, nikiwa nimechukua mshahara wangu wa bima na kuuongeza kidogo kwa woga, naye akakubali kabla sijamaliza sentensi. Mwenzangu aliyeajiriwa mwezi uleule kwa kazi ileile aliwaomba kwanza wataje kiwango walichokitenga, kisha akaomba siku mbili za kufikiri. Tofauti kati yetu niliijua kwa bahati mbaya, tukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, na ilinichukua miaka miwili kuiziba.