TSH yangu iko juu, sasa mbona naambiwa tezi imelala?

Swali: Dokta shikamoo. Nina miaka 34, niko Mwanza. Miezi kama mitano sasa nachoka hovyo, nywele zinakatika, choo kigumu, na baridi mpaka nalala na sweta. Nimepima damu, TSH 18.4 (kawaida 0.4–4.0), FT4 8.2 (kawaida 12–22). Shosti angu anasema TSH ikiwa juu ujue tezi inachapa kazi kupita kiasi, ninywe unga wa mwani itatulia. Ni kweli?

Jibu: Marahaba dada. Shosti kakosea, ila asichekwe, wengi wanakwama hapo hapo. TSH ni homoni, ila haitengenezwi na tezi ya shingoni (thairoidi), inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kinaitwa pituitari na kazi yake ni kuiamsha thairoidi. We fikiria mama anamwamsha mtoto aende shule, akiitika mara ya kwanza yanaisha, asipoamka sauti inazidi kupanda mpaka majirani wanasikia. Hiyo 18.4 ndo kelele za mama, FT4, yaani homoni ya thairoidi yenyewe, kuwa chini kwenye 8.2 ndo mtoto bado kajifunika shuka. Kwa hiyo tezi yako imelegea, na dalili zako zinaendana kabisa.

Mwani achana nao. Una iodini nyingi, na tezi iliyochoka ukiijaza iodini inaweza kulegea zaidi, chumvi ya dukani yenye iodini kwa mtu mzima asiye mjamzito mara nyingi inatosha.

Rudi kwa daktari, kwa majibu haya atakuanzishia levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, dozi inategemea uzito, umri na moyo wako, usiazime vidonge vya mtu. Muulize pia kipimo cha antibodi za TPO, kinaonyesha kama ni kinga ya mwili yenyewe inayoishambulia tezi.

Sasa kinachoharibu dawa hii kwetu ni chai ya maziwa. Mtu anameza kidonge na chai na chapati halafu analalamika haifanyi kazi! Meza na maji matupu tumbo likiwa tupu, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai, na vidonge vya damu au kalsiamu viache mbali, masaa manne hivi. Utarudia kupima baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo TSH inakuwa haijatulia, utajitia presha bure.

Halafu hizo nywele, najua ushanunua vitamini za nywele. Angalia kopo, kama kuna biotini acha siku 2 au 3 kabla ya kutoa damu na uwaambie maabara, kwenye mashine nyingi inafanya TSH isomeke chini kwa uongo uonekane mzima kumbe bado.

Na ukikosa siku zako usingoje hizo wiki 6, pima ujauzito, ukikuta upo mwambie daktari siku hiyo hiyo maana dozi huwa inaongezwa mapema.