Warsha ya rangi za maji ya siku mbili: fundisha maji kwanza, picha baadaye

Mtu mzima anayejiandikisha kwenye warsha ya Jumamosi na Jumapili anataka arudi nyumbani na picha ya kutundika ukutani, na ni haki yake. Lakini ukimkimbiza kwenye picha tangu asubuhi ya kwanza, atarudi na karatasi iliyojaa tope la rangi pamoja na imani kwamba hana kipaji. Kumbe kilichokosekana ni kujua kupima maji. Siku mbili zinatosha kabisa kulifundisha hilo, mradi usilichanganye na mambo mengine kumi.

Bajeti ikiwa ndogo, bana kwenye rangi, bana kwenye brashi, lakini karatasi usiiguse. Karatasi ya kawaida, hata manila nene, hunywa maji papo hapo. Rangi inanasa pale ilipogusa, na brashi ikipita mara ya pili uso unachubuka vinyuzi. Mwanafunzi hajui kama ni karatasi, anajilaumu mwenyewe. Tafuta karatasi ya pamba asilimia 100, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wenye mkwaruzo wa wastani. Shiti kamili huwa na sentimita 56 kwa 76, na ukiikata vipande vinane unapata vya 19 kwa 28. Shiti mbili zinamtosha mshiriki mmoja, kwani vipande vya mazoezi hutumika pande zote mbili. Kila kipande kibandikwe kwenye ubao wa plaiwudi kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, pande zote nne, la sivyo kitajikunja na maji yatatuama kwenye mabonde.

Kwa walio Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kuna hatari nyingine. Nyingi ya karatasi hizi hupakwa gelatini ili zisinywe maji kwa pupa, na unyevu wa pwani huiharibu taratibu. Dalili yake ni madoa madoa meusi yanayojitokeza katikati ya rangi uliyoitandaza vizuri, na hayana dawa. Hifadhi karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na jaribu kipande kimoja kabla washiriki hawajafika.

Rangi nne zinatosha. Nunua kwa kuangalia namba ya rangi kwenye tyubu, maana majina hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni: buluu ya ultramarini PB29, njano PY154, waridi PV19 na hudhurungi ya siena iliyochomwa (burnt sienna) PBr7. Ultramarini na siena peke yake hutoa kijivu cha kila aina, kuanzia cha ubaridi hadi cha joto, na zikikolea zinakaribia weusi. Rangi nyeusi usiilete kabisa.

Brashi ni mbili: ya mviringo namba 10 au 12 yenye ncha kali, na bapa ya inchi 1. Ndogo zifiche hadi Jumapili mchana. Mtu mwenye hofu hukimbilia brashi ndogo, nayo haibebi maji ya kutosha. Mstari wa kwanza unakauka kabla wa pili haujafika, na eneo zima unalopaka linabaki na michirizi. Ongeza vyombo viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia na kingine cha maji safi, na kipande cha kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi hunyonya maji vizuri sana.

Jumamosi anza saa 3 asubuhi kwa kupima uzito wa rangi. Washiriki wachanganye ultramarini katika viwango vinne: chai ya rangi, chai ya maziwa, uji mwepesi, na samli. Kila kiwango kipakwe kwenye mraba wake, kisha waisubiri ikauke. Wataona wenyewe kwamba rangi ikikauka hupauka, na kwamba walichodhani kimekolea mno ndicho kinachofaa.

Zoezi la pili ni kutandaza rangi sawasawa. Inua upande wa juu wa ubao kwa kitabu cha unene wa sentimita 3. Jaza brashi, pitisha mstari mlalo mmoja, na utazame ukingo wake wa chini: kuna ushanga wa maji umejikusanya pale. Mstari unaofuata uguse ushanga huo na kuushusha. Ushanga ukikatika, brashi imeishiwa. Ukimwagika, imejaa kupita kiasi. Mstari wa mwisho, kamua brashi kwenye kanga na uunyonye ushanga wote. Usipounyonya, maji yatapanda tena juu na kuacha doa lenye kingo za meno meno.

Doa hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo wafanye walitengeneze kwa makusudi. Wapake rangi, wasubiri mng'ao wa maji uanze kufifia, kisha wadondoshe maji safi. Sababu yake ni moja tu: brashi imebeba maji mengi kuliko karatasi. Karatasi ikiwa inang'aa, unaweza kuongeza rangi. Mng'ao ukififia, ongeza rangi nzito tu, ya uji au samli. Ukiwa umetoweka lakini karatasi bado ni mbichi, weka brashi chini. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa baridi, haijakauka.

Zima pangaboi wakati wa mazoezi haya, kwa sababu upande mmoja wa karatasi utakauka kabla ya mwingine. Mashine ya kukausha nywele itumike baada ya mng'ao kwisha, kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Mapema zaidi inasukuma rangi pembeni.

Jumapili chagueni kitu kimoja. Kwa Zanzibar, sioni kinachofaa kuliko ukuta mweupe wa chokaa na mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe. Ukuta ni karatasi yenyewe, haupakwi. Kinachochorwa ni kivuli. Chora kwa penseli mpaka wa kivuli mapema, maana jua halingoji na kufikia saa 6 mchana kimebaki kidogo sana. Kivuli kipakwe kwa mkupuo mmoja, ultramarini na siena, na siena iongezwe chini karibu na ardhi inayorudisha mwanga. Kikauke kabisa. Ndipo mlango, kwa rangi nzito kama uji, kisha giza la nakshi kwa rangi nzito kama samli. Misumari mitatu minne ikichorwa vizuri, jicho litajaza mingine.

Usichukue brashi mkononi mwa mwanafunzi na kumrekebishia, hasa akiwa mtu mzima kukuzidi. Onyesha kwenye karatasi yako, kwa dakika 10 bila kuzidisha, kisha waache wafanye. Anayetaka kufuta asubiri ikauke, aloweshe kwa brashi safi, ahesabu hadi kumi, akandamize kanga bila kusugua. Ultramarini hung'oka kwa kiasi kikubwa. Buluu ya ftalo haing'oki, na ndiyo maana haimo kwenye orodha.

Kabla hawajaondoka, waambie paleti ikauke wazi usiku kucha ndipo ifungwe, kwa sababu gundi iliyomo ndani ya rangi huota ukungu haraka kwenye joto la pwani.