Besi Kupungua Ziwa Naivasha: Kwa Nini, na Ufanye Nini

Ndugu mvuvi, umeuliza iwapo samaki aitwaye kapu (carp) ndiye aliyemmaliza samaki besi (bass) wa Naivasha, na kama inafaa ununue vifaranga vya besi ukavimwage ziwani mwenyewe.

Kapu ana lawama, ila si yote. Besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, na mavuno yalikuwa yameshaporomoka kabla kapu hajatapakaa, hata uvuvi ukafungwa kwa muda mwaka 2001. Nyavu za macho madogo zilikuwa zikizoa samaki wachanga, na mafunjo ya ukingoni, ambayo huwaficha wachanga hao na kuchuja tope, yalikuwa yakifyekwa. Kapu alizidisha tatizo lililokuwepo: yeye hutafuta chakula kwa kuchimbua matope, ilhali besi huwinda kwa macho, na dume lake hulinda mayai katika kiota kwenye maji ya kina kifupi, ambako tope likitifuka mayai hufunikwa.

Kuhusu vifaranga, nakushauri usivimwage bila idhini ya idara ya uvuvi, kwani ziwa hili limeshateseka vya kutosha kwa viumbe wageni walioletwa kutoka nje. Hata ukiruhusiwa, vitaliwa au kunaswa kabla ya kuzaa iwapo ukingo utabaki mtupu.

Ukienda kuvua, epuka mlango wa mto Malewa baada ya mvua, tafuta maji maangavu kando ya mafunjo (ukijihadhari na viboko), na umrudishe majini dume utakayemkuta kwenye kiota.