Mtambo wa upepo Sikonge? Mimi nilifunga mmoja Kigoma, soma kabla hujatuma hela

Mkuu uliyeuliza kuhusu mtambo wa upepo wa kilowati 2 kwa ajili ya duka, friji na pampu ya kisima huko Sikonge, heshima yako. Umesema muuzaji amekwambia "sola inalala usiku, upepo haulali". Na mimi niliimbiwa wimbo huo mwaka 2016. Nikanunua wa kilowati 1, nikaupakia boti pale Kibirizi hadi kijijini kwetu, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ufukweni kabisa. Nilikaa nao miaka miwili na ushee.

Tuanze na hiyo kilowati 2. Muuzaji hakudanganyi, ila kuna nusu ya habari hajakupa. Namba hiyo ni umeme unaotoka upepo ukivuma kama mita 12 kwa sekunde, yaani kilomita 43 kwa saa. Huo ni upepo wa kutikisa matawi makubwa ya mwembe, na mwavuli huushiki. Siku ngapi kwa mwezi unauona Sikonge? Halafu nguvu ya upepo haishuki pole pole pamoja na kasi. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Ikibaki theluthi, nguvu ni sehemu moja ya 27. Kwa hiyo ule upepo wa mita 4, unaokaa barazani ukasema "leo kuna kaupepo kazuri", unakupa wati 70 na kitu. Friji halitaki kusikia habari hizo. Upepo ukishuka chini ya mita 3 hivi, mapanga ama yamesimama ama yanazunguka kama pambo tu, chaji haiingii.

Na usidhani ukipata wa kampuni bora zaidi utaponea hapo. Mapanga yamechongwa kama bawa la ndege, upepo ukipita unayavuta yazunguke, shafti inazungusha sumaku kwenye koili za shaba, umeme unashuka kwa nyaya tatu hadi kwenye kontrola (kifaa cha kusimamia chaji), kisha betri. Ila mtambo hauwezi kuunyang'anya upepo nguvu zake zote, kwa sababu hewa ingesimama nyuma ya mapanga na kuiziba inayokuja. Mjerumani Albert Betz alishalipiga hesabu zaidi ya miaka 100 iliyopita: mwisho ni asilimia 59.3. Hii midogo yetu ikifika 30 ushukuru. Kwenu Tabora mko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na umeme unapungua kwa kiasi hicho hicho.

Sasa kisa changu. Mara ya kwanza niliufunga juu ya paa, kwa uvivu wa kununua nguzo. Bati lilinguruma usiku kucha, mama watoto akahamia kulala chumba cha watoto. Umeme nao hafifu, kwani upepo ukigonga nyumba na miti unavurugika, mtambo unageuza shingo huku na huku bila kushika kasi. Wanaojua kazi hii wanasema mapanga yawe juu angalau mita 9 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 90 hivi. Nikasimamisha bomba la chuma na waya za stei, gharama ikakaribia ya mtambo wenyewe (hilo dukani husikii). Ukapata nafuu, kwa saa zake. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani. Usiku unageuka, unashuka kutoka milimani. Katikati hapo, hasa asubuhi, ziwa ni kama kioo. Nikasema nitangoja kusi la Juni. Kusi likaja, nikaona mawimbi meupe kule mbali, kwetu mapanga yanazunguka kivivu.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu, akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Mwanangu, wazee wetu walikaa hapa kuukimbia upepo, mitumbwi ilale salama. Na wewe umekuja kuutafuta hapa hapa?" Rasi ya upande wa kusini ilikuwa inatukinga. Nilizaliwa pale na sikuwahi kuwaza hivyo.

Ulivyokufa sasa. Mwezi mmoja wa Novemba mpwa wangu alichukua betri bila kuniambia, akawashie taa za dagaa. Mtambo wa sumaku ukikosa mzigo, yaani betri ya kupokea umeme wake, hauna kinachoushika, na kontrola yangu ya bei rahisi haikuwa na mahali pa kumwaga umeme wa ziada. Jioni tufani ya mvua za mwanzo ikaingia. Ulilia kama king'ora. Dawa ilikuwa kuunganisha zile nyaya tatu pamoja ili ujifunge breki, lakini nilifika nimechelewa: panga moja limekatika, limetua kwenye banda la mbuzi la jirani. Mbuzi walipona, ujirani uliyumba kidogo. Mitambo mikubwa hujisimamisha yenyewe upepo ukifika kama mita 25 kwa sekunde. Wangu haukuwa na akili hiyo.

Msije mkasema napinga upepo. Kule Turkana, Kenya, kuna mitambo 365 inayofikia megawati 310, lakini pale upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unavuma kama uko kwenye korido. Kwetu Mwenga, Mufindi, wana megawati 2.4. Wenye miradi ya namna hiyo hupima upepo muda mrefu ndipo wanunue nati ya kwanza.

Wewe Sikonge una tambarare, miombo inayopunguza upepo, na kiangazi chenye jua la kutosha kukausha tumbaku na watu. Hela hiyo nunua paneli, betri nzuri na pampu ya sola. Maji ujaze tangini mchana, ndiyo akiba yako ya usiku. Kama bado moyo uko kwenye upepo, walau kwa kisima kuna vile vinu vya kizamani vya mapanga mengi. Vinazunguka taratibu lakini vina nguvu ya kuanza kwa upepo mdogo, na havihitaji betri.

Bomba langu bado limesimama, limebeba dishi. Kipima upepo kipo kabatini, kinafanya kazi. Nikipata safari ya treni mwezi ujao nitakiacha Tabora mjini, nifuate PM tupange. Kifunge juu, miezi mitatu, uandike asubuhi, mchana na usiku.