Mkataba ukiisha ukiwa likizo ya uzazi, usianze kujilaumu

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja, jina nalihifadhi. Amejifungua, akiwa bado yuko likizo mkataba wake ukafika mwisho na ofisi haikumuongezea, hata simu hawakumpigia, kajua tu pale mshahara ulipokataa kuingia. Ananiuliza, "Dada yangu, nimekosea wapi?" Jamani hilo swali limeninyima usingizi, maana na mimi niliwahi kujiuliza hivyo hivyo na sikuwa na wa kunijibu. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu, mnivumilie.

Mimi nilikuwa mhasibu. Hesabu za mwezi nilikuwa nafunga kabla ya wenzangu wote, wakaguzi wakija ndo mimi naitwa, mafaili nayajua kama kiganja changu. Nikapata ujauzito, nikapiga kazi mpaka nakaribia kabisa kujifungua, nikaondoka nimeandika kila kitu hatua kwa hatua ili atakayenishikia asihangaike. Mkataba ukaisha niko nyumbani nanyonyesha. Kiti akapewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, na sina kinyongo naye kabisa, yeye alipewa akapokea. Ila baadaye mtu wa ndani akanipa habari kwamba bosi alisema kwenye kikao hawa wanawake ni gharama, unamlipa mtu hayupo halafu unamlipa na anayemshikia. Hiyo kauli mpaka leo ikinijia koo linakauka. Watu wananiambia samehe, nawasikia, lakini bado.

Hapo katikati ni vibarua vya hesabu huku na kule, sina cha kusimulia.

Nikaja kupata kazi sehemu nyingine, na huko nikapata mtoto wa pili. Nilienda kumwambia mkuu wangu huku natetemeka, akanipongeza, akauliza tu nani tumuandae anishikie nafasi. Nikaenda likizo, nikarudi, meza yangu ipo. Leo mimi ndo naongoza kitengo cha mishahara hapo hapo, na nasema kwa fahari kabisa maana nimeipigania.

Sasa sikilizeni. Mimi ni yule yule, bidii ile ile, tumbo lile lile. Kilichobadilika ni nani analipa. Kule kwa kwanza mshahara wa likizo ulikuwa unatoka mfukoni mwa mwajiri, huku kwa pili unalipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii ambao wote tunachangia, wanaume na wanawake. Bosi wa pili yawezekana hata hakuwa na roho nzuri kumzidi yule wa kwanza, ila sera ilimuondolea sababu ya kuniogopa. Nilikuja kuelewa hili nikiwa kwenye mishahara, naziona namba kwa macho yangu.

Na si jambo la kubuni. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14, malipo yasishuke chini ya theluthi mbili ya kipato alichokuwa anapata mama kabla ya likizo, na unasema wazi kwamba gharama hiyo itoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, asibebeshwe mwajiri peke yake bila ridhaa yake. Yaani waliokaa wakauandika walishajua mwajiri akibebeshwa atafanya nini, ataacha kuajiri wanawake. Nchi nyingi bado hazijauridhia. Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba siku hizi pengo la kipato kati ya mwanaume na mwanamke wa kazi ile ile kwa sehemu kubwa linaanza pale mtoto wa kwanza anapozaliwa. Si elimu, si uvivu, ni mtoto. Halafu tunakalishwa kwenye semina kufundishwa kujiamini!

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu: maandishi. Omba kwa barua sababu ya kutoongezewa mkataba, tunza nakala ya ombi la likizo na hati zako zote za mshahara. Pale ambapo sheria inafuata ule mkataba namba 183, ukifukuzwa kwa ajili ya ujauzito mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa nyingine, siyo wewe. Mikataba ya muda mfupi ndo mwanya wao, wanasubiri tu tarehe ifike, ndo maana nasema tena, maandishi. Na uingie chama cha wafanyakazi kabla hujapata shida, siyo baada.

Lakini nisiwadanganye, barua peke yake haitoshi, na hapa nawasemesha wote. Acheni kudhani bajeti ya serikali ni mambo ya wakubwa. Australia tangu miaka ya 1980 walianza kuikagua bajeti kwa kuuliza kila fungu linamgusaje mwanamke. Jimbo la Quebec kule Kanada lilianzisha mwaka 1997 vituo vya kulelea watoto kwa ada ndogo na akina mama wengi wakaingia kazini. Iceland mwaka 2018 walianza kuitaka kampuni yenye wafanyakazi 25 na kuendelea ithibitishe kwamba inalipa sawa kwa kazi yenye thamani sawa, mzigo wa kuthibitisha ukawa kwa kampuni, siyo kwa binti anayeogopa kuuliza mwenzake analipwa ngapi. Haya yalidaiwa. Wanawake wa Iceland waligoma tarehe 24 Oktoba 1975, tisa katika kila kumi, kazini na majumbani, nchi ikasimama. Wewe hata mkutano wa maoni ya bajeti hujawahi kwenda, unalalamika kwenye simu. Nenda. Uliza kituo cha watoto kiko fungu gani, uliza likizo ya uzazi inalipwa na nani.

Kingine ambacho mabinti hawakifikirii ni pensheni. Ile miaka uliyokaa nyumbani unalea haina mchango, na uzeeni unalipwa kwa michango. Ujerumani mzazi anayelea mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992 anahesabiwa miaka 3 kwenye pensheni yake kama vile alikuwa anachangia, kwa sababu kulea nako ni kazi. Kama kwenu hakuna kitu hicho, basi ulizia mfuko wako kama unaruhusu kuchangia kwa hiari ukiwa nje ya ajira, hata kidogo kidogo. Na taarifa yako ya michango uiombe kila mwaka, nimeshaona kwa macho yangu watu wanakatwa kwenye mshahara na hela haifiki kwenye mfuko, na anayegundua siku ya kustaafu anakuwa ameshachelewa.