Hukumu ya kutumia programu za udanganyifu katika magemu ya simu

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Mbagala, Dar es Salaam. Hucheza Free Fire, gemu la simu la kupigana kwa bunduki, na nilipakua programu inayolenga shabaha yenyewe na kumwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta. Kwa njia hiyo nilishinda shindano la mtaani ambalo kila mchezaji alichangia shilingi 2,000 na mshindi akachukua zote. Rafiki zangu wanasema gemu ni mchezo tu, hakuna dhambi. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mchezo uliosalimika na haramu, na usiokupitishia wakati wa Swala, asili yake ni halali. Lakini kuitwa mchezo hakuufanyi udanganyifu uwe halali, kwa kuwa unaoshindana nao ni watu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na kukuta umajimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye, kama alivyopokea Imam Muslim. Nawe uliwaficha wenzako, walioingia wakidhani mko sawa. Tena ulipofungua akaunti uliyakubali masharti yanayokataza programu hizo, na Suratul Maida, aya ya 1, inatuamrisha kutimiza ahadi. Wenye gemu wakikufungia akaunti daima, hawajakudhulumu.

Liko jambo hukuliuliza, nalo ni zito zaidi. Mchango ule, ambao vijana wengi huuita shindano, ni kamari iliyoharamishwa katika aya ya 90 ya sura hiyo hiyo, hata kama usingedanganya. Fedha zile si zako. Mrudishie kila mmoja 2,000 yake na umwombe radhi kwa kumhadaa. Usiyempata baada ya kumtafuta, mtolee sadaka kwa niaba yake.

Programu hiyo ifute leo. Nyingi za namna hiyo hupatikana nje ya maduka rasmi ya programu, na baadhi huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ruhusa ambayo gemu halina haja nayo, ilhali humo ndimo huingia namba za siri za muda zinazotumwa na benki. Mwizi akizisoma, hasara itawafika hata jamaa zako wanaokutumia fedha uwahifadhie. Ama akaunti yenye cheo ulichokipata kwa hila, usimuuzie mtu, kwani utakuwa umemghushi mwingine tena.

Wallahu a'lam.