Picha Inaonyesha Kijani, Mbona Viboko Wamebanana Topeni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, huku Mbarali. Kijana mmoja amenionyesha kwenye simu picha ya setilaiti ya bonde la Usangu, kinamasi cha Ihefu chote kijani kibichi. Lakini mto Ruaha Mkuu huko chini umekatika, viboko wamebanana kwenye vidimbwi. Picha inadanganya? Na setilaiti inaweza kunihesabia viboko?
– Msomaji, Mbarali

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza muulize huyo kijana picha ilipigwa lini. Picha za ramani za simu mara nyingi zimeunganishwa kutoka siku mbalimbali zisizo na mawingu. Hazikuambii Ihefu ya wiki hii ikoje.

Halafu, kijani si maji. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo ya kuchora ramani nilipaka rangi ya ardhioevu eneo kubwa la Usangu. Tulipokwenda kuhakiki, GPS mkononi, nikajikuta nimesimama juu ya tuta la jaruba, mpunga kila upande, na mama mmoja ameinama anapalilia. Ukitazama kutoka angani, mpunga uliosimama majini na matete yaliyosimama majini hufanana mno. Kinachovitenganisha ni kalenda: mpunga ukishavunwa jaruba hubaki kahawia, matete ya Ihefu huendelea kuwa mabichi kiangazi kimeshika. Tangu siku ile sichori ramani kwa picha moja. Nazipanga mwezi baada ya mwezi.

Picha zenyewe zipo, tena bure. Za setilaiti za Landsat zinaanzia 1972. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 hivi, na kila pikseli, yaani nukta moja ya picha yake, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Kiboko mzima anapotea ndani ya mraba mmoja, kwa hiyo hapo jibu ni hapana. Masika mawingu yakitanda tunatumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, ambayo hutuma mawimbi yanayopenya mawingu na kupokea yanayorudi. Maji matupu yaliyotulia huonekana meusi, maana wimbi la rada huteleza juu yake likaenda zake. Matete yaliyosimama majini hung'aa: wimbi hupiga maji, likapiga mashina, likarudi lilikotoka. Hapo ndipo tunapoona maji yaliyojificha chini ya kijani.

Sasa viboko wako. Maji ya Ihefu hutoka kuingia mtoni kupitia N'giriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika, hata kama matete bado yamestawi kwa maji yaliyobaki nyuma yake. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa mashambani kabla hayajafika Ihefu. Inaniuma kila Oktoba ninapoona weusi wa maji ukisinyaa kwenye rada, huku nikijua kinachowangoja wanyama huko chini.

Nisaidie hivi. Chagua sehemu tatu za ukingo wa Ihefu unazopita kwenye doria. Kila wiki simama pale maji yanapoishia, andika tarehe na namba za GPS, piga picha kwa simu. Kwa alama hizo mchora ramani atajua rada yake imepatia wapi na imekosea wapi. Viboko wahesabu mwenyewe, asubuhi wakisharudi majini, ukiwa mbali juu ya ukingo. Andika na jina la kidimbwi.